Bertilla Teodori, Aliyewaongoza Marubani kwa Mashamba

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Bertilla Teodori, mhudumu wa redio ya upepo wa shirika letu la ndege za wagonjwa la Mabawa ya Tiba, Sumbawanga, atastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na saba na miezi minne. Sherehe ya kumuaga itafanyika Ijumaa tarehe 27, katika ukumbi ulio jirani na kiwanja cha ndege.

Kwa kawaida wasifu wa mstaafu, unaochapishwa katika ratiba ya sherehe, huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Huu ameomba mwenyewe niuandike mimi, mwanafunzi wa kidato cha nne, binti wa mgonjwa ambaye ndege haikumfikisha kwa wakati tarehe 17 Septemba 2019. Kamati ya sherehe ilimshauri achague mtu mwingine. Alijibu kwamba sifa zake zikiandikwa bila siku hiyo, yeye hatakuja. Kwa hiyo siku hiyo imo humu. Kazi yake nyingine nayo imo, kwa sababu ilikuwa nyingi na nzuri, na mtu hapaswi kukumbukwa kwa alasiri moja tu.

Mama Bertilla, kama wote wanavyomwita, alizaliwa Kizwite, hapahapa Sumbawanga, mwaka 1965, mtoto wa nne wa Mzee Teodori, mkulima wa mahindi na ulezi. Aliajiriwa tarehe 1 Machi 1988 kupokea masanduku ya chanjo na kuyahesabu. Hakuajiriwa kwa ajili ya redio. Lakini mwezi wa tatu tangu aanze, mhudumu wa redio, Bwana Leonardi, aliugua homa ya matumbo, na asubuhi hiyohiyo redio ikaanza kuita. Kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine ofisini, alishika kipaza sauti kwa mikono miwili na kuitikia kama anavyoitikia mtu aliyebisha hodi.

Aliyekuwa akiita ni rubani Nsajigwa, kijana kutoka Mbeya, mgeni katika njia zetu. Alisema yuko juu ya Sumbawanga na anaomba kutua. Mama Bertilla alitoka nje, akasikiliza anga, akarudi na kumweleza kwa heshima kwamba mji aliopo unaweza kuwa mzuri sana lakini si huu. Rubani hakukubali. Alisema anaona kanisa, anaona soko, anaona barabara. Mama Bertilla akamuuliza watoto wa huko chini wanafanya nini. Rubani akasema wanaikimbilia ndege na kuipungia mikono. Basi akamwambia kwamba watoto wa Sumbawanga wamezoea ndege, hawaachi mchezo wao kwa ajili yake, na kwamba kama ni siku ya soko na watu ni wengi namna hiyo, yuko Laela, aishike barabara na kurudi kaskazini magharibi. Nsajigwa alitua salama. Safari iliyofuata alimletea mkungu wa ndizi kutoka Tukuyu.

Tangu siku hiyo hakurudi kwenye masanduku. Bwana Leonardi alipopona, alikubali mwenyewe kubadilishana naye kazi.

Vijana wa leo huenda wasielewe kwa nini rubani alikuwa akipotea. Wakati ule ndege yetu ilikuwa na dira, saa na ramani ya karatasi iliyochorwa kabla ya uhuru. Kuanzia Agosti hadi Oktoba nyika huchomwa moto, na moshi hulala juu ya Ufipa mpaka rubani haoni mbele, anaona chini yake tu, kama mtu anayechungulia kisimani. Masika, mawingu hukalia milima ya Mbizi. Rubani aliyekosea kidogo mwanzoni mwa safari alikuwa amekosea sana mwishoni.

Mama Bertilla alijiuliza rubani anayeona chini tu anaona nini. Jibu alilipata shambani kwa baba yake. Wafipa wana namna yao ya kulima inayoitwa ntumba. Mvua zikikaribia kuisha, majani hukusanywa na kufukiwa kwa udongo katika vichuguu vya mviringo, yaoze humo hadi msimu unaofuata. Shamba la ntumba hukaa na vichuguu vyake kiangazi kizima. Lakini upande wa Laela watu walikuwa wameshaanza kulima kwa plau la ng'ombe, na plau huacha matuta marefu yaliyonyooka. Alifikiri kwamba mtu aliye juu lazima aione tofauti hiyo.

Mwaka 1991 aliomba apandishwe ndege ili ahakikishe. Ndiyo safari yake pekee ya angani mpaka leo. Alitapika ndani ya kofia ya rubani, lakini aliona. Aliandika katika daftari lake kwamba shamba la ntumba kutoka juu ni kama mgongo wa kanga, na shamba la plau ni kama kitambaa cha mistari.

Baada ya hapo, kila mwaka baada ya mavuno, shirika lilimruhusu majuma matatu ya kuzunguka. Alikwenda kwa baiskeli, kwa malori ya mahindi na kwa miguu. Kijiji kwa kijiji aliandika nani analima vipi, bati gani jipya limeezekwa, mto gani umekauka, mti gani mkubwa umekatwa. Wanakijiji wengine walidhani ni mtu wa kodi na kumficha mbuzi. Rubani akiita, alikuwa akimuuliza maswali matatu au manne tu, kisha anamwambia alipo. Daftari zake zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1988 na 2006 aliwarudisha njiani marubani waliopotea mara mia mbili na kumi na mbili.

Marubani waliotoka mbali walimtania kwamba anawaona kwenye maji ya kibuyu, na kwamba wenyeji wa Sumbawanga wana ndege zao za ungo zisizohitaji redio. Yeye hakukasirika. Alikuwa akiwajibu kwamba wenye ungo hajawahi kusikia wakipiga simu kuuliza njia.

Mwaka 2006 kifaa cha setilaiti kilifungwa katika ndege. Kilikuwa na kioo kidogo chenye mshale, na mshale ule ulimwonyesha rubani alipo, hata ndani ya moshi na hata juu ya mawingu. Mama Bertilla alikifurahia. Ameniomba niliandike hili waziwazi, kwa sababu wapo wanaodhani alikichukia. Kwa miaka kumi na tatu hakuna rubani wetu aliyepotea, na wapo watu hai leo kwa sababu ya mshale ule. Marubani waliendelea kumwita kwa redio, lakini walimwita kumsalimia na kuuliza kama mvua imenyesha.

Mwaka 2008 ziara zake za mashambani zilifutwa. Aliandika barua kuomba ziendelee hata kwa juma moja. Alijibiwa kwamba kifaa kinajua. Hakuandika tena. Anasema alipaswa kuandika tena, na alipaswa kwenda hata bila ruhusa, na kwamba ukweli ni kwamba alianza kuzoea kukaa.

Sasa nafika tarehe 17 Septemba 2019.

Wakati huo familia yetu iliishi katika kijiji kimoja cha pwani ya Ziwa Tanganyika, ambako baba yangu, Mwalimu Clemens, alifundisha shule ya msingi. Mama yangu aliitwa Monika. Asubuhi hiyo alijifungua mdogo wangu Yusto katika zahanati, na damu haikukatika. Mganga aliita ndege. Rubani Raphael alifika saa saba mchana, akampakia mama, muuguzi na baba. Kutoka pale hadi Sumbawanga ni chini ya nusu saa.

Dakika kumi baada ya kuruka, kioo cha kifaa kilizimika. Baadaye ilionekana ni waya uliokatika nyuma yake. Simu ya rubani ilikuwa imeisha chaji na ya baba ilikuwa kitochi, isiyo na ramani. Moshi ulikuwa mzito. Raphael alizunguka wingu moja la moshi mara mbili, na alipomaliza hakuwa na uhakika tena wa mahali alipo. Hakuwahi kupotea maishani mwake, kwa sababu alianza kazi wakati mshale upo. Akafanya kile alichosikia wakubwa wake wakisimulia. Akamwita Mama Bertilla.

"Mama, nimepotea. Nina mgonjwa."

"Usiogope, mwanangu. Chini yako mashamba yakoje, ya vichuguu au ya matuta?"

"Matuta. Marefu, yamenyooka."

"Basi umevuka mji, hiyo ni Laela. Geuka kushoto, kaskazini magharibi, utatukuta."

Raphael aligeuka. Lakini hakuwa Laela. Alikuwa katika njia yake sahihi kabisa, upande wa magharibi wa mji, juu ya vijiji ambavyo Mama Bertilla alivijua kwa ntumba. Katika miaka kumi na moja ambayo hakwenda huko, watu wa vijiji hivyo walikuwa wamenunua ng'ombe na plau na kuacha ntumba. Kama asingesema neno, Raphael angekwenda mbele na kuuona mji baada ya dakika kumi. Aliposema, ndege ikaacha mji upande wa kulia na kwenda zake. Baada ya dakika ishirini na tano rubani aliona maji, na yalikuwa maji ya ziwa lilelile walilotoka.

Kutoka pwani aliijua njia. Alirudi. Walitua karibu saa moja baada ya muda waliopaswa kutua, na mama yangu alikuwa amekufa kabla magurudumu hayajagusa ardhi.

Uchunguzi ulisema chanzo ni hitilafu ya kifaa na hali ya hewa. Hakuna aliyelaumiwa. Mama Bertilla aliongeza ukurasa mmoja kwa mkono wake. Nimeuona. Una sentensi mbili: "Nilimwelekeza rubani kwa mashamba ya mwaka 2008. Mimi ndiye niliyempoteza." Aliombwa auondoe, akakataa.

Siku ya tatu ya msiba alikuja nyumbani kwa Bibi Cornelia, mama yake mama yangu, hapahapa Kizwite. Alikuwa na kapu la unga wa ulezi kichwani kama wanawake wengine wote waliokuja. Nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa nimekaa mkekani, kwa hiyo nililosikia nalikumbuka. Alimwamkia Bibi shikamoo, akakaa chini, akasema yeye ndiye sauti ya kwenye redio. Bibi akamuuliza:

"Umetumwa na ofisi?"

"Hapana, mama. Ofisi haijui kama nimekuja."

"Basi sema mwenyewe, wote wasikie. Usiniachie mimi kazi ya kuwaeleza watu."

Akaeleza yote, tangu ziara zilizofutwa hadi neno lake la mwisho kwa rubani, bila kumtaja mtu mwingine kwa ubaya. Alipomaliza, Bibi hakumfukuza na hakumfariji. Alimwambia kapu aliweke pamoja na mengine. Kwetu kapu la msiba hurudishwa kwa mwenyewe likiwa na kitu ndani, ndiyo namna ya kusema tumepokea. La Mama Bertilla lilikaa juu ya kabati la Bibi mwaka mzima na miezi mitano. Kisha siku moja Bibi alilijaza maharage na kunituma kiwanjani nilipeleke. Mama Bertilla alilipokea akiwa amesimama, akakaa, akasimama tena. Hivyo ndivyo tulivyofahamiana.

Baba hakuwa nyumbani siku ile kapu lilipoletwa, alikuwa makaburini. Tangu hapo hajawahi kuzungumza na Mama Bertilla. Tulihamia Katandala, mtaa mwingine wa mji huu, na akitoka kwenda mjini hupita njia ndefu ili asipite karibu na kiwanja cha ndege. Sisi nyumbani tulidhani ni hasira, na hatukumuuliza.

Baada ya msiba ule Mama Bertilla alianza tena kuzunguka. Hakuomba ruhusa, alitumia likizo zake. Alikuwa na miaka hamsini na minne na goti moja bovu. Mara nyingi rubani Raphael mwenyewe alimbeba kwa pikipiki. Raphael alitaka kuacha kazi, na ni Mama Bertilla aliyemzuia, akimwambia kwamba rubani aliyewahi kupotea ana faida kuliko ambaye bado. Katika miaka hii mitano na zaidi wamevipitia tena vijiji vyote vya daftari za zamani. Kila Jumatatu asubuhi marubani hukaa naye robo saa, na yeye huwaambia kilichobadilika. Huwaambia wasiangalie kioo tu, waangalie dirishani, na wakiona kitu ambacho hakipatani na anachosema yeye, waamini macho yao, wala wasimwonee haya kwa sababu ya umri wake. Ndege sasa ina vifaa viwili vya setilaiti na betri ya akiba. Hilo nalo aliliomba yeye, safari hii kwa barua saba.

Katika barua hizo aliomba pia apatikane mtu wa kurithi redio na daftari. Jambo hilo halijafanikiwa. Nafasi yake haitajazwa. Kuanzia Julai simu zote za marubani zitapokelewa na ofisi kuu, na chumba cha redio kitakuwa stoo ya dawa. Sielewi mambo ya uongozi na sitaki kukosa adabu katika ratiba ya sherehe, lakini yeye amesikitika, na wasifu unaosema amefurahi usingekuwa wa kweli. Daftari thelathini na nne ziko katika sanduku la bati mezani pake. Mashamba yataendelea kubadilika kila msimu.

Nilipomaliza kuandika mpaka hapa, juzi Jumapili baada ya misa, nilimpa baba asome. Nilitaka anisahihishie lugha. Alisoma taratibu, kwa kalamu nyekundu, kama anavyosahihisha madaftari ya wanafunzi. Alipofika penye matuta aliweka kalamu chini. Akaniambia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu, na ameniruhusu niliandike.

Alisema kwamba siku ile, rubani alipokuwa akizungumza na Mama Bertilla, yeye alikuwa ametazama chini upande wake. Moshi ulifunguka kidogo, akaona shule yenye bati la kijani na mnazi mmoja wa ajabu uliopandwa na mwalimu wa kutoka pwani ya bahari. Aliijua. Alifundisha hapo miaka miwili kabla sijazaliwa. Alijua kwamba kutoka shule ile hadi Sumbawanga ni kilomita ishirini na tano, na kwamba mji uko mbele, si kushoto.

"Niliona, mwanangu. Nikasema moyoni, wenye kazi yao wanajua, mimi ni mwalimu tu. Nikanyamaza nimemshika mama yako mkono."

Nilimuuliza kwa nini hajawahi kumwambia Mama Bertilla. Akasema kwamba kila mwaka uliopita ulifanya jambo liwe gumu zaidi, na kwamba yule mama alikuwa ameshalibeba lote, naye akaona ni rahisi kumwachia. Halafu akasema niliandike, tena lichapishwe kabla ya Ijumaa, ili asije akapata nafasi ya kurudi nyuma.

Nimeliandika. Sikubadilisha kitu hapo juu, ingawa nilifikiria kubadilisha, kwa sababu ndivyo Mama Bertilla alivyoamini kwa miaka mitano na zaidi, na maumivu yake yalikuwa ya kweli.

Wafanyakazi wenzako, Mama Bertilla, wameniomba nikushukuru kwa niaba yao kwa wale mia mbili na kumi na wawili waliofika kwa sauti yako, na kwa utaratibu wa Jumatatu. Bibi Cornelia anakushukuru kwa kuja siku ya tatu. Mimi nakushukuru kwa sababu hukuniacha nikue nikisikia habari za kifo cha mama yangu kwa watu wengine. Sote tunakuombea goti lipone, mahindi yako ya Kizwite yastawi, na uamke kila siku bila mtu yeyote kusubiri jibu lako. Uishi miaka mingi, kwa amani.

Kuhusu Ijumaa, baba ameuliza sherehe inaanza saa ngapi. Nimemwambia saa nne. Amesema tutatoka mapema, tupite njia fupi.